Betri Ulizoniletea, Kaka

Ichhra, Lahore

Kaka Sarmad,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Uzma na watoto. Huku tunapumua, ingawa moshi wa magari na viwanda mwaka huu umeshuka hadi vibarazani na shule zimefungwa. Mama kifua bado kinambana. Anakuombea dua kila sala.

Duka letu la betri lilikuwa limechangamka. Wanawake walikuja na skuta zao za umeme, wakaacha betri iliyoisha chaji, wakapachika iliyojaa, wakaondoka bila kumfukizia mtu moshi. Wauza petroli wa jirani walitutania kwamba tunaendesha pasi za umeme. Tuliwajibu kuwa afadhali pasi kuliko jiko la kuni.

Kisha yakamkuta Mwalimu Farkhanda. Alikuwa kwenye foleni ya magari na skuta yake, binti yake nyuma, betri ikaanza kufuka chini ya kiti. Alimsukuma mtoto akapona. Yeye mguu uliungua hadi gotini. Watu walipojaa dukani niliwaapia kwamba betri ni mpya, zimeundwa na kaka yangu wa tumbo moja, na huenda mwalimu aliimwagia maji. Maneno hayo nilimwambia mumewe, usoni.

Walipoondoka nilifungua moja. Chini ya nailoni mpya ya bluu mlikuwa na seli kuukuu, zenye kutu, zilizochomolewa kwenye betri zilizokwisha kufa. Nikasema, kaka ametapeliwa. Ndiyo maana nilipanda basi kuja huko kwako Gujranwala bila kukupigia. Habari kama hiyo niliona si ya simu.

Hukuwepo karakanani. Fundi wako Inayat alinikaribisha chai, akidhani nimefuata mzigo. Akanionyesha mafungu mawili: hili la seli mpya ni la wateja wa Islamabad, na lile la zamani ni langu. Nilipomuuliza sababu alicheka kidogo. “Bosi mwenyewe kasema, ‘Ya Lahore fungeni hizi hizi. Dada yangu haulizi.’”

Chai sikuimaliza.

Ni kweli sikuuliza. Tangu baba atutoke, ni wewe uliyenishika mkono. Ningekuulizaje?

Nimezikusanya betri zote. Skuta zimelala, wenyewe wamerudia pikipiki za petroli, na wengine hawaitikii salamu yangu. Jana nilikwenda hospitali. Nilimwomba radhi Mwalimu Farkhanda, nikamwambia nani alizifunga zile betri, na kwamba alijua. Mwalimu alinisogezea kiti nikae.

Jumatatu naandikisha maelezo polisi, na jina lako nitalitaja. Nimetaka ulisikie kwangu kwanza. Ukiwa na la kusema, nenda ukalisemee mbele ya mguu wa yule mwanamke. Hapa kwangu usije.

Mama hajui. Ananiuliza mbona duka limefungwa, nami leo alasiri nitamwambia, tukiwa wawili tu.

Msalimie Uzma, wabusu watoto. Wao hawana kosa. Nawe Mungu akupe uzima. Dua hiyo nimeizoea, siwezi kuiacha.

Ni mimi dada yako,
Tehmina