Makopo mawili ya masale

Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, mlima haujafunguka, vidole vya baridi.

Vioo havitafungwa kesho. Ameniambia fundi wa vioo mwenyewe saa tano asubuhi, amekaa juu ya fremu zake za alumini anakula ndizi ya kuchoma. Kazi imesimama mpaka Ijumaa. Kwa hiyo kibaraza cha lile duka la zamani la vitambaa bado kiko wazi, na Mama Prisca bado yuko palepale na cherehani yake.

Naandika hapa na si gazetini kwa sababu Ijumaa mimi ni shahidi. Siwezi kuwa shahidi na mwandishi wa habari ileile.

Duka lilikuwa la Mzee Mansukh. Utaratibu wa mtaa wetu ulikuwa rahisi: unanunua kitambaa ndani, unatoka nje, unapimwa kibarazani. Fundi hakulipa kodi kwa kuwa ndiye aliyevuta wateja. Hakuna aliyeandikiana karatasi na mwenzake. Nilipoanza kazi ya gazeti, katikati ya miaka ya themanini, rafu za Mansukh zilikuwa na vumbi jingi kuliko vitambaa, na mafundi waliishi kwa kugeuza kola za mashati, upande uliochakaa unaingia ndani. Baadaye biashara ikafunguliwa, vitambaa vikajaa, na nyuma yake ikaja mitumba.

Wakati ule niliandika kwamba mafundi wa vibarazani wamekwisha.

Nilikosea. Suruali za mitumba zilikuja pana kuliko viuno vya watu wa Moshi, na Mama Prisca hajawahi kukosa kazi ya kupunguza tangu siku hiyo. Hii niliyovaa ameipunguza mara mbili.

Enzi hizo walikuwa wawili. Mwenzake, Fundi Hamisi wa Pasua, alikuwa na tabia ya kusogeza cherehani yake kidogo kila asubuhi, mpaka Mama Prisca akajikuta anashonea kwenye ngazi. Waligombana kila wiki. Siku moja Mama Prisca akashuka kutoka Kibosho na vipande vya masale, mmea wa mipaka usiosogezwa kwa Wachagga, alivyokata kwenye mpaka wa kihamba chao, shamba la ukoo, akavipanda kwenye makopo mawili ya mafuta ya kula, akayaweka katikati yao, moja mbele, moja nyuma. Hamisi si Mchagga, lakini wateja wake wengi walikuwa Wachagga, na hakuna aliyekubali kuvuka masale kumfuata upande usio wake. Ugomvi ukaisha. Mansukh alidhani ni maua. Aliyamwagilia kila siku mpaka alipouza duka na kuwafuata watoto wake Dar.

Aliyenunua ni Bwana Gaspari, kijana wa Uru, anataka kuuza simu. Anataka kibaraza chote kiwe ndani ya vioo. Jumatatu aliwaambia vibarua waondoe makopo. Wakakataa, wote watatu.

"Bosi, sale halisogezwi na mtu wa kuajiriwa," alisema mmoja.

"Sale la kwenye kopo si mpaka. Ni ua."

"Basi libebe wewe, bosi. Ua si zito."

Akayabeba mwenyewe, akayaweka nyuma karibu na choo. Habari ilifika Uru kabla yake. Sijui mama yake alimwambia nini, lakini leo saa tatu asubuhi Gaspari alikuja kwa miguu, gari kaliacha mbali, mkononi ana jani la sale limefungwa fundo. Akasema shikamoo mama, akalitoa kwa mikono miwili.

Mtu akikuletea sale huwezi kumkatalia msamaha. Mama Prisca alilipokea, akalilaza juu ya cherehani, akavua miwani.

"Marahaba. Nimekusamehe, baba. Sasa niambie, nimekusamehe kosa gani? Kuhamisha ua?"

Vibarua walicheka, mmoja akakohoa kuficha. Gaspari ana akili, alijua kwa kuleta sale ameshakiri kuwa ni mpaka.

"Haya, mama. Upande wako wa mpaka nitauacha, na vioo vitapita nje yake. Ila mpaka uwe pale pa kweli. Nani aliyaona makopo yakiwekwa?"

Hamisi alishafariki. Mansukh yuko mbali. Wote wakanigeukia mimi.

Hapa ndipo penye shida yangu.

Mama Prisca anasema makopo yalikuwa baada ya nguzo ya chuma ukihesabu kutoka upande wake, yaani nafasi ya cherehani mbili. Yalikuwa huko, ni kweli, kwa miaka ya karibuni. Lakini yalipowekwa yalikuwa kabla ya nguzo. Macho ya Hamisi yalipoharibika akaacha kazi, wiki ileile niliyaona makopo yamevuka. Sikuuliza. Hamisi hakuwa na mtu wa kumdaia nafasi, nami nilikuwa na suruali ya kuchukua.

Nikisema baada ya nguzo, Gaspari anapoteza mlango wake, ulio baada tu ya nguzo, na hapo hataheshimu tena jani wala mama, ataenda kwa wakili, na Mama Prisca hana karatasi. Nikisema kabla ya nguzo, anabaki na nafasi ya cherehani moja. Na cherehani anayo moja.

Lakini sitasema hivyo kwa sababu inamfaa. Nitasema kwa sababu ndivyo nilivyoona.

Mchana nilirudi nikamwambia, asije akalisikia mbele za watu. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono. Kisha akakata uzi.

"Yalivuka," alisema. "Niliyavusha mwenyewe, na niliogopa mwezi mzima. Kule nyumbani mtu akisogeza sale hata mvua ikikosekana anatazamwa yeye."

Aligeuka akanitazama.

"Umekaa nalo miaka yote hiyo, Meku?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Aliinuka, akaenda nyuma karibu na choo, akarudi na kopo moja, nami nikamsaidia la pili. Tuliyaweka kabla ya nguzo, moja mbele, moja nyuma. Akayamwagilia.

Ijumaa saa nne asubuhi, mjumbe wa nyumba kumi atakuja na kamba kupima mpaka.