Kiungo cha Shaba

Shemeji yangu,

Sisi tupo, tunasukuma siku. Dada yako bado analala sebuleni, uso ukielekea tangi lake la samaki wa baharini, maana shingo haigeuki tena.

Alilalamika kuwa kioo kimeota mwani na matumbawe yake hayaonekani. Nikamtengenezea mtambo: bomba la plastiki lenye taa kali ndani, na pampu ya kupitisha maji humo, ili mwani uote bombani uache tangi. Ukafanya kazi kweli. Kioo kiling'aa, dada yako akacheka: "Fundi bomba wangu, umechelewa miaka ishirini!"

Kiungo cha plastiki cha bomba hilo kilikuwa kinavuja, nikaweka cha shaba, kama nilivyofanya kwenye nyumba za watu maisha yangu yote. Sikujua kwamba shaba kidogo tu kwenye maji ya chumvi ni sumu. Jumanne uduvi wake wote walikufa. Alhamisi matumbawe yakaanza kuwa meupe.

"Mbona yanapauka?" akaniuliza.

Nikamwambia ni mwanga wa taa mpya. Kiungo nimeshakitoa, lakini wapi.

Daktari amesema tusimwahidi mwezi ujao. Ukipata ruhusa kazini, njoo.

Jana nilikigeuza kitanda kielekee dirishani, tangi libaki nyuma yake, nikamwambia ni ili apate hewa. Alinishika mkono, akasema, "Asante, fundi." Dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani.

Ni mimi,
Shemeji yako