Punje Mia Moja na Nane

Kenton, London
21 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Asalamu alaykum. Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya wangu. Tangu barua yako ya Idi sijakuandikia hata mstari mmoja, na najua umekuwa ukimuuliza Shangazi Time kama simu yake imeharibika, maana barua zetu hupita humo. Simu haikuharibika. Ni mimi niliyekosa uso wa kukuandikia. Natumai mguu wako umepata nafuu na Shangazi hajambo. Mimi ni mzima wa mwili.

Baba, ile tasbihi niliyokutumia kabla ya Ramadhani sikuinunua katika maduka ya Waarabu ya Edgware Road. Nilikudanganya. Nilipewa.

Nilikuwa nikimhudumia mwanamke wa Sri Lanka, Bi Somawathi, mwenye umri wa miaka themanini na minne, hapa hapa Kenton. Nilimwogesha, nilimpikia uji wa mchele, nilimpa dawa zake. Alikuwa Mbudha. Chumbani mwake mlikuwa na sanamu ndogo ya Budha, taa ya mafuta na maua mapya kila asubuhi, na chumba cha pili aliniachia nisali adhuhuri. Siku moja alinikuta nikileta uradi kwa kuhesabia vidole. Birika likapiga mluzi, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Akacheka, akasema, "Siham, hesabu zako zinakutoroka." Akaitoa tasbihi yake chini ya mto, akaitia kiganjani mwangu na kuvifumba vidole vyangu kwa mikono yake miwili. Aliniambia kwamba mama yake alimpa siku alipoondoka Galle, mji wao huko Sri Lanka, na kwamba yeye sasa amemaliza kuhesabu.

Kazini kwetu kila zawadi, hata kopo la biskuti, lazima iandikwe katika daftari la ofisi. Sikuiandika. Nilijua nitaambiwa niirudishe, nami nilikuwa nimekwisha kukufikiria wewe, ambaye tasbihi yako ilikatika. Tena niliona haya kukuambia kwamba imetoka mikononi mwa Mbudha. Ndipo nikaandika kwamba nimeinunua kwa Waarabu.

Bi Somawathi alifariki tarehe 2 Juni. Binti yake, Dilini, aliitafuta tasbihi asiione, akaenda ofisini kwetu. Nilipoulizwa nilisema kweli, kwamba nilipewa. Meneja wangu, Tatiana, akaniuliza, "Kama ulipewa, mbona daftarini haimo? Na iko wapi?" Nikasema iko Pemba. Akaandika neno hilo, akalipigia mstari.

Nimesimamishwa kazi. Kibali changu cha kuishi huku kimefungamana na kazi hii. Nikifukuzwa nitaondoka Uingereza, na nitaondoka na jina la mwizi.

Tarehe 31 Agosti wataifanya sadaka ya miezi mitatu ya marehemu, ambapo watawa wa Kibudha hualikwa kula na kumwombea. Dilini anaitaka tasbihi siku hiyo, kama ilivyokuwa. Asipoipata atakwenda polisi. Naomba unirudishie, Baba.

Mwanao,
Siham


Wete, Pemba
25 Julai 2024

Mwanangu Siham,

Wa alaykumu salam. Marahaba. Mguu haujapata nafuu, nao si jambo la barua hii. Shangazi yako hajambo. Ndiye atakayeipiga picha karatasi hii na kukutumia. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma nimesimama.

Usiyachanganye mambo. Kwanza, kwa muda wa miezi minne na zaidi nimemtaja Mola wangu kwa kitu kilichokuwa cha ibada nyingine. Hilo nitawauliza wenye elimu, na nadhani watanihurumia, kwa sababu mti ni mti na nia ilikuwa yangu. Pili, uliniandikia uongo, kwa mwandiko niliokufundisha mimi. Hilo halina haja ya kuulizwa. Niliwasomea wenzangu msikitini ule mstari wako: "Nimekuchagulia mwenyewe, Baba, duka zima." Mzee mmoja akaomba aishike. Nikampa, nikasimama pale nikijiona mtu.

Sasa lisikilize la tatu, ambalo ni langu. Ilipofika niliihesabu. Tasbihi ina punje tisini na tisa, nayo ilikuwa na mia moja na nane. Nikasema, watengenezaji wa siku hizi hawajui hesabu. Nikaukata uzi, nikatoa punje tisa, nikaitunga upya. Zile tisa alizitaka shangazi yako. Alizishona pembezoni mwa kitambaa cha kufunikia jagi la maji, ziwe uzito wa kuzuia upepo.

Kwa hiyo "kama ilivyokuwa" si maneno mepesi. Nilikuwa mwalimu kwa miaka thelathini na minne. Nilikiona kitu nisichokijua, nikakisahihisha.

Na kitambaa hakimo humu ndani. Mwezi uliopita shangazi yako alimtunza nacho bibi harusi mmoja wa Chake Chake. Ameondoka asubuhi hii kwenda kukiomba. Hajapata kuomba zawadi irudi tangu azaliwe. Alijifunga buibui bila kunisemesha.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Baba yako,
Vuai


Kenton, London
4 Agosti 2024

Mpendwa Baba,

Asalamu alaykum, na shikamoo. Uliniambia nisiandike, nami naandika, kwa sababu siku zinakwenda na ni lazima ujue ninalolijua. Nawaombea afya wewe na Shangazi. Mwambie nimelia niliposoma habari za buibui lake.

Juzi nilikwenda nyumbani kwa marehemu kurudisha ufunguo. Dilini alinisimamisha mlangoni, hakunikaribisha. Nilimuuliza kwa nini ni mia moja na nane. Akanitazama kama mtu anayejiuliza iwapo anadhihakiwa, kisha akajibu. Alisema sifa za Budha wanazozitaja ni tisa, na mama yake alizizungusha mara kumi na mbili, asubuhi na jioni, punje moja kwa kila sifa. Baba, kumi na mbili kwa tisa. Hapakuwa na kosa la kiwanda.

Kisha akasema, "Niliiomba mara mbili. Mimi, mtoto wake. Mara zote aliniambia bado. Leo wewe unaniambia kwamba alimpa mtu wa kumwogesha."

Nilimnyooshea ufunguo.

"Jibu basi."

"Alinipa."

"Kitu kikitolewa kwa moyo, kwetu hakidaiwi," akasema. "Lakini siujui moyo wako. Ilete niione."

Sikumwambia kwamba imekatwa.

Miradie, mwenzangu Mkongomani tunayepanga naye nyumba, hulichekesha kila jambo. Ameniambia, "Dada, si ungepewa rozari? Ile hesabu yake naijua, ningekushonea hata usiku mmoja." Nilicheka, kisha nikakaa jikoni mpaka chai ikapoa.

Zimebaki siku ishirini na saba. Kitambaa kimepatikana?

Mwanao,
Siham


Wete, Pemba
14 Agosti 2024

Mwanangu Siham,

Wa alaykumu salam. Marahaba. Sisi ni wazima. Barua yako ilifika, na sikukujibu upesi kwa sababu sikuwa na la kujibu. Sasa ninalo.

Kitambaa kimepatikana. Bibi harusi alikitoa kwa heshima, ila mama mkwe wake alimwambia shangazi yako, "Kwetu mtu akitunza hutunza, hakopeshi." Shangazi yako aliyameza. Kilikuwa na punje nane. Ya tisa ilikatika kikifuliwa, ikaenda na maji. Walitafuta mpaka kwenye mtaro. Haipo.

Nilikwenda kwa fundi Suhaib, yule anayechonga milango. Nilimpelekea punje mojawapo aiangalie. Alichonga sita, nikazikataa tano. Ile ya sita niliipaka mafuta ya nazi, nikaisugua kwa kidole gumba kila siku, asubuhi na baada ya alasiri, hadi ikashika rangi ya wenzake. Uzi ni mpya, lakini nimeuchovya chai. Punje ni mia moja na nane. Hussam, mjukuu wa jirani yetu, anasafiri kesho kuja London, nimemkabidhi. Atakupigia simu.

Sasa nisikilize vizuri. Sikuambii useme uongo. Nakuambia uikabidhi na unyamaze. Hakuna atakayekuuliza punje ipi imetoka wapi. Umekwisha kusema kweli moja, kwamba ulipewa, na hiyo ndiyo inayoweza kukutoa hatiani. Ukiongeza ya pili, kwamba ilikatwa, ikagawiwa, ikafanywa pambo la jagi, na kwamba moja ni ya kuchongwa, nani atakusadiki ile ya kwanza?

Najua unavyonifikiria unaposoma maneno haya. Nifikirie utakavyo.

Baba yako,
Vuai


Kenton, London
19 Agosti 2024

Mpendwa Baba,

Asalamu alaykum. Shikamoo. Mzigo umefika. Hussam alinipa jana Edgware Road, mbele ya mgahawa mmoja wa Walebanoni. Alisema, "Mzee wako alinifunga kwa kiapo kama nimebeba almasi. Uwanja wa ndege nilishika mfuko mpaka askari akanitazama." Nilimnunulia chai, akaniambia umekonda. Hukuniandikia kwamba umekonda.

Nimeihesabu tasbihi mara saba. Nimeiweka dirishani, nimeiweka chini ya taa, nimefumba macho na kuipapasa. Siioni ile moja. Kazi yako na ya fundi Suhaib ni nzuri mno, na uzuri huo unanitisha.

Nakuheshimu, Baba, na sijapata kukukatalia jambo. Lakini mwezi uliopita ulinitenganishia mambo mawili, ukasema la uongo halina haja ya kuulizwa. Nikimkabidhi Dilini kitu hiki nikanyamaza, atakishika kila siku akidhani anagusa alipogusa mama yake. Nami nitakuwa nimemwandikia "nimekuchagulia mwenyewe" kwa mara ya pili.

Niambie ni ipi. Nikilazimika kusema, nataka angalau nimwonyeshe.

Mwanao,
Siham


Wete, Pemba
21 Agosti 2024

Siham,

Salamu nyingi. Sitakuambia. Usichokijua, hakuna atakayekulazimisha kukionyesha.

Sijakonda. Hussam hakunizoea.

Baba yako,
Vuai


Kenton, London
1 Septemba 2024

Mpendwa Baba,

Asalamu alaykum. Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na afya, wewe na Shangazi. Sikukujibu ile barua fupi kwa sababu niliisoma kila siku nikitafuta mlango wa kuingilia, nisiuone.

Jana sadaka ilifanyika. Niliingia katika hekalu lao na kuvua viatu mlangoni kama tunavyovua kwetu. Watawa watano walikuwa wamekaa sakafuni, wakilishwa kwanza kabla ya watu wote, na jamaa walisimama kimya mpaka walipomaliza. Hakuna aliyenisalimia. Wanawake wawili waliokuwa wakinipikia chai nyumbani kwa marehemu waligeuza nyuso.

Dilini alinipeleka pembeni, kwenye chumba cha kuwekea mikeka. Nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaanza kuhesabu kwa kidole gumba, midomo ikicheza, tisa, tisa, tisa. Mimi nilitazama kile kidole. Kila punje nilijiambia, hii ndiyo, atasimama. Hakusimama, Baba. Alizipita zote. Alipofika mwisho macho yake yalikuwa na machozi, akasema, "Ni yenyewe. Imetimia." Akanishika mkono. Akasema atamwambia Tatiana kwamba ameridhika, na kwamba anaomba radhi kwa kuniita mwizi.

Ilikuwa imekwisha. Ulilolitaka lilikuwa limekuwa.

Nikamwambia, "Moja si ya mama yako."

Akauondoa mkono wake. "Ipi?"

"Sijui."

"Unanidhihaki?"

"Aliyeitia hataki kuniambia. Ni baba yangu." Nikamweleza yote: kwamba nilikudanganya wewe kwanza, kwamba uliihesabu ukaona imezidi, ukaikata kwa nia njema, na habari za jagi, bibi harusi, mtaro wa Chake Chake na fundi. Nilieleza vibaya, mambo ya mwisho yakitangulia ya mwanzo. Ungenisahihisha.

Aliketi juu ya mikeka, akaihesabu tena, polepole sana, akiigeuza kila punje. Watu walimwita mara mbili kutoka ukumbini. Alipomaliza akasema, "Hata mimi siioni." Halafu, "Ungenyamaza, nisingejua maisha yangu yote."

"Najua."

"Kwa hiyo ulimdanganya baba yako, ukaficha ofisini, ukanificha mlangoni kwangu. Leo umesema. Nikusadiki lipi? Mama alikupa?"

"Alinipa."

"Alisema nini alipokupa?"

Nikamwambia alisema amemaliza kuhesabu. Uso wake ulibadilika, sikuweza kujua kwa hasira au kwa jambo jingine. Hakuirudisha tasbihi kwangu, wala hakuipeleka mbele ya watawa. Aliifunga katika kitambaa cheupe, akaitia mkobani, akasema, "Jumanne saa nne nitakuwa ofisini kwenu. Sijui nitasema nini. Usinipigie simu kabla ya hapo." Akarudi kwa wageni wake. Nikavaa viatu, nikapanda basi.

Nimekuvunjia amri, Baba, na sikuombi radhi kwa hilo, ingawa nakuomba radhi kwa yote yaliyolitangulia. Miradie anasema nimejikata kwa kisu changu mwenyewe. Labda. Nimekwisha kufunga sanduku moja, la nguo za baridi, maana huko hazina kazi na Miradie amezitaka. La pili bado liko wazi.

Mwambie Shangazi asikae na simu mkononi tangu alfajiri. Mkutano ni saa nne za asubuhi za huku. Uamuzi ukishatolewa, uwe wa kuniacha au wa kunitoa, nitakuandikia siku hiyohiyo, kwa maneno yaleyale watakayoyasema.

Mwanao,
Siham