Mashine ya Mlangoni Imeonja

Mzee Karanja,

Achieng amepiga kibodi sasa hivi. Nilikuwa nimempakata, ile kompyuta ya mlangoni ndio inaanza kuwaka, akashusha mikono yote miwili kama mtu anakanda chapati. Nikataka kumgombeza. Lakini kioo kikawa cheusi, kukatokea mistari michache ya maandishi meupe, na mimi nikainama kuisoma. Nilikuwa nimesahau huo ukurasa. Ni pale ulikuwa unanionyesha na kidole: "Hapa ndio kernel zinakaa, roho ya mashine. Ya juu ni mpya, ya chini ni ya zamani. Mpya ikikataa, shuka chini."

Nikashuka chini.

Ngoja nikwambie vile mambo yalienda. Nimechoka, utanisamehe nikirukaruka. Tangu tukuzike kule Timboroa, saiba yako hapa Munyaka, hii duka ya mtandao, mimi ndio nafungua, mimi ndio nafunga, mtoto mgongoni. Ilikuwa inaenda tu. Halafu mpwa wako akaja kutoka Nakuru kutusaidia, kijana mzuri, hana ubaya. Akasema mashine zimezeeka, zinataka kernel mpya. Akaweka zote siku moja. Zote, Mzee. Kesho yake hakuna hata moja iliyoshika wifi. Antena iko hapo imechomekwa, mashine inasema haijui hicho ni kitu gani. Akajaribu, akajaribu, akarudi kwao.

Mimi nilijua shida ni draiva ya antena, ile programu inaiendesha, kwa sababu ya trekta. Unakumbuka? Nilikuuliza kwa nini hiyo draiva haikuji na mashine, ukacheka. "Wewe Mama Achieng, si umeona trekta kule Ziwa? Kernel ni trekta. Antena yetu ni plau ya fundi mwingine, wenye trekta hata hawamjui. Sasa wakihamisha zile pini za nyuma, plau inabaki shambani." Ndio maana ulichagua kernel ya toleo la kukaa miaka, lile wenyewe waliahidi wataziba mashimo ya wezi wa mtandao lakini pini hawatagusa. Mpwa wako hakuvunja kitu. Alileta trekta ingine tu, na plau yetu ilichongwa kwa ile ya kwanza.

Wateja wakaanza kupita. Mtoto wa chuo anachungulia, anauliza kama mtandao umerudi, anavuka barabara. Mke wako Mama Njeri akavumilia. Jana akasema hawezi kuangalia mashine zako zikikaa hivyo kama maiti, afadhali azitoe auze chakula ya kuku. Hakusema kwa hasira. Alikuwa ameshika lile sweta lako la kijani. Akanipa mpaka leo jioni.

Sasa hiyo ya mlangoni ikawaka na kernel ya zamani. Nikakodolea antena macho. Taa ikapepesa, ikatulia, mtandao ukaingia. Nikalia kidogo, Mzee. Achieng akanipangusa na biskuti.

Zingine sijagusa. Najua ungeniuliza. Kila apdeti ulikuwa unapea hiyo ya mlangoni kwanza, unaiwekea kitambaa chekundu juu watu wajue iko kwa majaribio. Wakinung'unika unawaambia, "Wacheni ionje. Isipokufa, zingine zitakula." Mpwa wako angejua aje? Kitambaa kilikuwa kabatini tangu uugue.

Nimekirudisha. Mama Njeri amekaa hapo mwenyewe kuona kama itashika, na mimi niko huku nyuma nakuandikia, mtoto amelala na biskuti mkononi.

Nakuahidi hivi. Nitarudisha zote kwa trekta yetu, na zile apdeti zake ndogo za kuziba mashimo nitaendelea kuweka. Ile mpya itangoja mpaka wenye antena watoe draiva yake. Na hata hapo, itaanza mlangoni.

Pumzika, Mzee wangu. Hukunicheka eti niliachia shule njiani, na mimi sitakuachia hii kazi njiani.

Mama Njeri ananiita. Watu wamejaa huko mbele, namsikia anawatuliza, anacheka hata, anawaambia "wacheni ionje", maneno yako yale yale, na sasa anataka nikuje niwashe zingine, kwa hivyo acha niende, na kile kitambaa nitakiweka karibu, si kabatini tena.