Swali Moja kwa Mama Mkwe

Kwa mama yangu mpenzi, Matombo.

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, kifua kimetulia, na migomba ya bondeni haijaangushwa na upepo. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyo nitakueleza.

Agata, binti wa katekista, wewe unayemsomea mama, usisome uani. Barua iliyopita uliisoma mbele ya watu wote, ndiyo maana mjomba akajua kwamba bado sijashika mimba. Ingieni ndani, mfunge mlango, ndipo uendelee.

Mama, Ugogo ni pakavu. Reli inasonga mbele, na sisi wake wa wafanyakazi tunahama nayo, leo kibanda hapa, kesho kule. Maji tunayachimba mchangani. Nimekonda, lakini si kwa kiu. Salamu za mjomba zilinifika: eti mavuno yakiisha nirudi peke yangu, Klementi abaki na reli yake, nami nitafutiwa mume mwingine, kwa kuwa mimi ndiye binti pekee wa nyumba yetu na ukoo hufuata tumbo la mama. Namwelewa. Nisipozaa, mashamba ya bibi yatarithiwa na nani? Lakini mimi si mgomba wa kung'olewa hapa nikapandwa pale. Klementi ni mume wangu, nampenda.

Nimesali mpaka magoti yameota sugu. Nimekunywa kila mzizi niliopewa. Kila mwezi nikiona damu najifungia kibandani nalia, naye anakaa nje anapasua kuni ambazo hatuzihitaji. Mama, nimechoka.

Juzi nilikwenda kwa bibi mmoja wa Kigogo anayesifika kwa dawa za uzazi. Alinirudisha mlangoni.

"Shamba halijilimi," aliniambia. "Kamlete mwenye jembe."

Wanaume wa kambini walimcheka sana Klementi, kwamba anapelekwa kwa mganga kama mwari, lakini alikwenda. Bibi akamuuliza kama alipokuwa kijana aliwahi kuugua matubwitubwi, yale ya kuvimba mashavu, na kama uvimbe ulimshukia chini kwenye uanaume wake. Klementi akajibu kwamba aliugua, ila hakumbuki zaidi ya homa.

"Kama ulishuka, mbegu ilikufa, mizizi yangu haifiki huko," bibi akasema. "Kama haukushuka, rudini, nitawapa dawa mnywe wote wawili. Waulizeni waliomlea."

Tangu siku ile Klementi hali chakula vizuri. Kuuliza anaogopa, na mimi naogopa, ila mimi siwezi kukaa bila kujua.

Basi mama, nenda kwa mama mkwe ng'ambo ya mto, taratibu, kama uliyekwenda kuomba mbegu za maharage. Muulize. Yeye ndiye aliyemuuguza, hawezi kusahau. Mjomba asijue kamwe, maana akijua tu, ndoa yangu imekwisha.

Kama uvimbe haukushuka, andika waziwazi, nimsomee Klementi kwa sauti. Kama ulishuka, usiandike habari hiyo, kwa sababu barua zako anazisoma na yeye. Niandikie tu kwamba migomba ya bondeni imeanguka. Nitaelewa. Nitamwambia mama yake hakumbuki kitu, na nitaendelea kunywa dawa zangu chungu mbele yake, aamini kasoro ni yangu. Wanawake tumezoea kusemwa. Yeye hataweza.

Nisalimie mama mkwe, mwambie mwanawe anakula vizuri. Msalimie babu aliyenifundisha kulima matuta. Mjomba naye msalimie, mwambie nimemsikia. Agata, nakushukuru kwa macho yako, na kwa mdomo wako utakaoufunga.

Mama, niombee migomba iwe imesimama.

Ni mimi mwanao,
Veronika