Jiwe Langu la Bandarini

Tanga, 4 Juni 2024

Mayu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na mbuzi hawajaingia tena kwenye mihogo ya watu. Mimi ni mzima kupita kiasi, mpaka naona aibu mbele ya wagonjwa.

Wanasema bahati haina miguu. Yangu basi ilikuja kwa pikipiki. Duara letu kule karibu na Bulyanhulu, lile shimo ambalo watu walisema limechimbwa na wendawazimu, limetema dhahabu. Wenzangu wamekimbilia kujenga na kuoa. Mimi nikasema kwanza niione bandari ambayo Baba aliiulizia maisha yake yote. Unakumbuka kila msimu marobota ya pamba yakipakiwa, anasimama na kofia mkononi: "Hivi haya yanakwenda kupandia meli wapi?" Siku tulipomzika nilikuahidi nitakupeleka ukaone kwa niaba yake. Sasa nimetangulia kukagua njia.

Tanga, Mayu, ni mji uliochanwa nywele. Barabara zimenyooka, na watu wazima na heshima zao wanaendesha baiskeli bila haraka. Asubuhi nakula mahamri kwa mbaazi za nazi. Mchana samaki wa kupaka, rojo limenata mpaka vidole vinagoma kuachana. Mwenye hoteli ananiita Bosi Jilala, na kila nikimaliza sahani anauliza kama aniongeze. Simkatalii, kwa adabu uliyonifunza. Pweza naye nimemla. Ana mikono minane na hakunishika hata kwa mmoja.

Nina jiwe langu ukingoni mwa bandari. Nakaa hapo tangu chai ya asubuhi hadi alasiri, miguu majini, natazama winchi zikiinua mizigo. Maji yamenifika vifundoni kutwa nzima, hayapandi, hayashuki, kama yamepimwa na fundi. Nimeyaona marobota yakiingia melini. Nikavua kofia kwa ajili ya Baba.

Simu yangu ilianguka baharini, sasa wanaitumia samaki. Barua mpe Selestine wa lori akija hapo Mhunze kupakia mashudu, atanifikishia.

Mwanao mwenye bahati,
Jilala

*

Mhunze, 17 Juni 2024

Mwanangu Jilala,

Marahaba. Mgongo uko pale pale, mbuzi nimewafunga. Mtama tumevuna, si haba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikampelekea Bi Mwahija anisomee kwa sauti, nisikie inavyopendeza mdomoni mwa mtu. Yule anayeuza kanga sokoni. Si unajua alizaliwa huko huko Tanga, akaletwa na mume miaka thelathini iliyopita. Alipofika kwenye mbaazi za nazi alifumba macho. Akasema, "Huyu kala kweli, au kasimuliwa na aliyekula." Nikamwambia mwanangu halishwi kwa maneno.

Ila alipofika kwenye jiwe aliisoma tena, kisha akakohoa. Ameniomba nikuulize: maji yalipotoka, wewe ulibaki unafanya nini pale jiweni? Mimi sikumwelewa, nauliza kama nilivyotumwa.

Na mimi nina langu. Nataka kuja, mwanangu. Miguu bado inanibeba, mwakani sijui. Baba yako alikufa anauliza. Mimi sitaki kufa hivyo.

Mayu wako

*

Tanga, 28 Juni 2024

Mayu,

Shikamoo yako, na ya Bi Mwahija pia ingawa ananionea. Afya yangu ni ya kuuza.

Swali lenu limenichekesha mpaka mwenye hoteli akadhani nimepaliwa. Maji yatoke yaende wapi? Bahari si ng'ombe, ati ipelekwe malishoni irudi. Ili kumaliza ubishi nimechomeka kijiti pale ukingoni, nimekipima asubuhi, mchana na jioni, siku nne. Maji hayakusogea hata upana wa ukucha. Mwambie Bi Mwahija, kwa heshima zote, miaka thelathini ya vumbi la Mhunze imemkausha kumbukumbu. Kanga zake lakini ni nzuri.

Kuhusu kuja, Mayu, usiwe na haraka. Joto la huku linaivisha yai mfukoni. Nyumba za wageni zimejaa. Na mimi mwenyewe huenda nikavuka kwenda Pemba, kuna watu wananihitaji kule kwa ushauri. Tulia kwanza, nitakuita mambo yakikaa sawa.

Mwanao,
Jilala

*

Mhunze, 9 Agosti 2024

Jilala mwanangu,

Hujambo. Sisi wazima.

Nimekaa zaidi ya mwezi bila kukujibu. Kila nikishika kalamu nacheka, halafu kicheko kinageuka.

Nilimpelekea Bi Mwahija habari ya kijiti chako. Aliweka kanga chini akakaa juu yake, na mtu huyo hakalii bidhaa. Akaniambia bahari ya kwao inaondoka mara mbili kila siku ya Mungu na kurudi mara mbili. Wao wanasema kupwa na kujaa. Yakipwa, wanawake wanatembea kwa miguu pale yalipokuwa maji, wanaokota chaza. "Siku nne na kijiti," akasema. "Mama Jilala, huyu mtoto yuko ziwani."

Nikamjibu, ziwani ni karibu. Afadhali.

Sikuulizi uko wapi wala kwa nini. Mtu mzima haulizwi kaptula yake ilichanikia wapi. Ila safari nimeshaifunga. Bi Mwahija anakwenda kwao kwenye harusi, na nimemwambia twende wote. Tumeshika viti vitatu. Basi litapita stendi ya Shinyanga Jumamosi tarehe 24, saa kumi na mbili asubuhi. Kiti cha tatu ni cha mtu ambaye hajawahi kuona maji yakiondoka. Kama hayupo stendi nitaweka kapu la michembe ya viazi juu yake, na nitakwenda hivyo hivyo.

Nimeibeba kofia ya baba yako.

Usinijibu kwa utani.

Mayu wako

*

Nilipo, 18 Agosti 2024

Mayu,

Shikamoo. Umesema nisijibu kwa utani, kwa hiyo barua itakuwa fupi.

Niko Buseresere, njia ya Biharamulo, karibu mwaka sasa. Naosha masufuria kwenye hoteli ya mzee mmoja wa Tanga, Abdulhalim, na siku hizi ananiachia nikaange samaki. Siku za kwenda mwaloni, kule ziwani wavuvi wanakoshusha samaki, kununua sato, napata jiwe la kukalia. Kijiti nilichomeka kweli. Mahamri na samaki wa kupaka nimekula kweli, anavipika akikumbuka kwao, na kila kitu cha Tanga alinisimulia, mpaka baiskeli. Hili la maji hakulisema. Nilipomwuliza juzi alinishangaa: "Jilala, na wewe ungeniambia jua linakuchwa?"

Selestine hana kosa. Nilimwambia nakuandalia jambo zuri, naye akanishushia barua zako hapa bila kuuliza.

Ruhusa nimepewa. Abdulhalim hajarudi kwao miaka kumi na tisa. Ameniagiza nitafute jiwe bandarini, nikae hadi maji yaondoke, halafu nije nimwambie kama bado yanarudi.

Shinyanga nitafika Ijumaa, nilale hapo hapo stendi basi lisije likaniponyoka. Michembe ishike mkononi, Mayu, kiti kina mtu. Na kofia ya Baba nipe mimi niibebe. Ile niliyoandika nimeivua haikuwepo.

Duara lilitoa mawe matupu, kisha likajaa maji, tukalikimbia. Dhahabu sikupata hata punje. Marobota sijayaona, meli sijaiona, Tanga sijafika hata siku moja. Nilikudanganya.

Mwanao,
Jilala