Mnandi na Mbizi wa Kabwe

Kijiji cha Ujamaa Kabwe,
14 Septemba 1975

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba mdogo wangu Josefina anakusomea barua hii bila kurukaruka. Mimi ni mzima, ila dagaa nimewachoka.

Barua yako nimeipata. Unataka niache kufundisha kisomo nirudi Milanzi kabla ya mvua za kupandia, kwa kuwa ziwa limekula watu wengi. Nitakujibu, lakini kwanza nikusimulie ndege.

Mama, kule kuamia ndege wasile ulezi ulikonifundisha kumeniponza! Wiki niliyofika, mvuvi mmoja, Leonsi, alinipakia mtumbwini pamoja na wenzake. Nikaona kundi la ndege weusi mbele yetu. Mkono haukungoja: nikapiga ukelele, nikawarushia kopo la kuchotea maji. Wakaruka wote. Wavuvi walinuna, wakasema hao ni mnandi, na walipo ndipo samaki walipo. Jioni ile watu walikula ugali kwa maharage, na kila mtu alijua ni kwa sababu ya nani.

Leonsi peke yake alicheka. Kesho yake alinionyesha ndege mwingine, mbizi, nami nikabisha kuwa ni mnandi yuleyule. Akaniambia nitazame mdomo. Wa mnandi umepinda nchani, hushika; wa mbizi umenyooka kama sindano ya magunia, huchoma. Tena mbizi huwinda peke yake, mwili wote majini, shingo tu juu. Nilidhani nyoka!

Kisha mbizi akazama. Maji ya huku ni maangavu, Mama, nilimwona mpaka chini, akinyemelea kati ya mawe. Akachoma samaki, akaibuka, akamrusha hewani, akammeza kichwa kwanza. Nilifanya ishara ya msalaba. Maisha yetu yote tumewajua ndege kwa hasara tu, kumbe Mungu ana wengine amewapa shamba chini ya maji.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa tunakwenda kuwatazama. Josefina, hapa soma polepole. Mama, Leonsi ameniposa, nami nimekubali. Najua ulisema hutaki mkwe wa majini. Baba yake atakuja kwako na mshenga. Siliogopi ziwa, nauogopa uso wako ukisikia haya. Ile mbegu ya ulezi unayonitunzia darini kila mwaka, mpe Josefina.

Nisalimie jirani Silvana na wote wa nyumbani. Ukija, nitakupandisha mtumbwini uwaone ndege hawa. Ila mikono uiweke mapajani.

Mwanao,
Bertilla